Maji Aliyoyaacha Jerusha

Quakers Hill, Sydney
18 Mei 2025

Kwa Mjomba Kinuthia,

Natumaini karatasi hii itakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba baridi ya Ol Kalou haijamkamata Nyanya magoti. Mimi sijambo. Mama alipiga simu Jumapili kutoka Meru. Anakusalimu, na aliniuliza kama unakula. Nilimwambia unakula, ingawa sijui.

Nisamehe kwa kukuandikia barua kama watu wa zamani. Nimeipigia simu yako tangu mazishi ya Anti bila kupata mtu, kisha Mama akaniambia umeizima na kuiweka ndani ya mkebe wa majani ya chai. Nikaona basi heri posta.

Kazini naendelea. Bado ni karani katika ile kampuni ya makontena karibu na Port Botany, napanga saa za malori kuingia bandarini. Nikikosea saa, dereva hukaa foleni bure, na bosi huja kusimama nyuma ya kiti changu. Hajawahi kusema kitu. Ndicho kinachonitisha.

Sasa jambo lenyewe. Ulipoondoka na jeneza mwezi wa pili, ulinishika mkono pale uwanja wa ndege ukasema, "Mugambi, angalia maji." Hukuongeza neno. Basi nimekuwa nikitoka kila jioni, nasimama ukingoni mwa bwawa, nayaangalia. Juzi tu nimeanza kuhisi kwamba hukuwa na maana ya kuyatazama.

Majani yamejaa chini. Kuta zinateleza nikizigusa. Dukani wameniambia nitie klorini na yote yatakwisha. Sikutia. Najua klorini ilikuwa inambana Anti kifua, na kwamba ndiyo sababu ulimjengea bwawa hili la kuogelea la mawe na matete badala ya lile la kawaida. Lakini kama si klorini, nitie nini? Sijui hata pampu inafanya kazi gani.

Na vyura, Mjomba. Kuna mmoja ana mlio kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kilichokunjwa. Mara mbili nimeamka kwenda kufungua.

Mpwa wako,
Mugambi


Ol Kalou
12 Juni 2025

Mpwa wangu Mugambi,

Barua yako ilifika. Nyanya yako alitaka isomwe mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa, na tulipofika pale ulipowafungulia vyura mlango alicheka mpaka akaomba maji. Hajambo. Magoti yanauma lakini bado anaamrisha watu. Tumevuna viazi, vingi kuliko tulivyotarajia. Mimi nakula. Mwambie mama yako.

Simu iko mkebeni, ndiyo. Watu wanapiga kunipa pole, wanaanza kulia, kisha mimi ndiye nabaki nikiwabembeleza. Karatasi haina papara. Wewe andika.

Maji. Unauliza utie nini. Usitie kitu. Bwawa hilo halitunzwi kwa dawa, linatunzwa kwa njaa. Ule utando wa kijani, mwani, unahitaji chakula kama kila kilicho hai: majani yaliyooza, mbolea, uchafu wa ndege. Ukikosa chakula hauna nguvu ya kusumbua mtu.

Sasa nielewe vizuri. Pampu inavuta maji ya bwawa na kuyasukuma chini ya lile shamba dogo la kokoto na matete kando ya ua. Maji yanapanda polepole katikati ya mawe, kisha yanarudi bwawani kwa ule mfereji. Ukichukua kokoto moja ukaisugua utahisi ina ute. Usikasirike na huo ute. Huo ndio mfanyakazi. Una uhai, nao unakula kile ambacho mwani ungekula, na matete yanamaliza masalio. Ila unahitaji hewa, na hewa huletwa na maji yanayotembea. Kwa hiyo pampu hailali.

Majani yaondoe kabla hayajaoza. Kuta zisugue kila wiki kwa ile brashi ya mpini mrefu. Mwisho wa baridi kata matete, na ulichokata ukipeleke mbali, maana ukikiacha ukingoni kitarudisha majini chakula chote kilichokula. Vipimo viko kabatini juu ya mashine ya kufulia. Chupa ya kwanza inakupa pH: iwe kati ya saba na nane. Ya pili inakupa ualkali, yaani nguvu ya maji kuvumilia bila pH kuyumba. Ukishuka, tia soda ya kuokea keki, kidogo kidogo, ukipima. Na ule mfuko unaoning'inia kwenye mfereji una makombe ya chaza. Unayapa maji ugumu wake. Usiutoe ukidhani ni takataka.

Vyura waache. Ni wapangaji wa siku nyingi.

Wako,
Mjomba Kinuthia


Quakers Hill
20 Julai 2025

Kwa Mjomba,

Shikamoo wewe na Nyanya. Nafurahi kusikia habari ya viazi. Mama naye amesikia kwamba unakula na amemshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya wateja wake. Huku ni baridi, naenda stesheni gizani na kurudi gizani. Jumamosi ndiyo siku ninayoliona bwawa.

Nimefanya yote uliyoandika. Majani nimeyatoa. Kuta nimezisugua hadi mabega yakauma. Napenda vipimo, Mjomba, sikutegemea. Unatia matone, rangi inageuka, na unajua ulipo. Kazini hakuna anayeniambia nilipo. Ualkali ulikuwa chini, nikatia soda ya kuokea kwa wiki tatu, kijiko baada ya kijiko, mpaka ukapanda. Mwenye duka ananiuliza naoka keki za nani.

Kuna mtu alikuja. Anaitwa Maxwell, ni Mkenya anayeuza nyumba upande wa Blacktown. Alikuwa na kamba ya kupimia. Alisema unamjua. Alizunguka bwawa, akapiga chafya, akaniambia, "Boss, hii bwawa ni kisirani. Nani atanunua nyumba iko na vyura? Tunaleta lori za mchanga, tunapanda nyasi, wiki moja mambo imeisha."

Nikamwuliza kama atakunywa chai. Sikujua nifanye nini kingine. Alikunywa vikombe viwili na akasifu jiko.

Je, nyumba inauzwa? Kama swali hili halinihusu, lichukulie kwamba halikuandikwa.

Vazi la kuogelea la Anti bado liko kwenye ndoano ya bafu la nje. Sijaligusa. Nilitaka tu ujue kwamba sijaligusa.

Mpwa wako,
Mugambi


Ol Kalou
11 Agosti 2025

Mpwa wangu,

Huku wazima. Nyanya yako amenunua mbuzi bila kuniambia, na mbuzi huyo amekula kofia yangu. Ukungu ni mzito, asubuhi hatuoni hata lango. Napenda hivyo. Mtu akiwa ndani ya ukungu haulizwi kitu.

Ulifanya vizuri kumpa Maxwell chai. Si mtu mbaya.

Swali lako umeliandika, siwezi kulichukulia halikuandikwa. Jibu ni hili: sijui. Nimemwambia Maxwell asubiri hadi Desemba. Maji yakifika Desemba yakiwa hai, nitapanda ndege nije niyaone, halafu tutajua. Yakifa, alete mchanga wake, nami sitagombana na mtu. Sikutishi, Mugambi. Nakwambia tu jinsi mambo yalivyo ndani yangu, maana wewe ndiye uliyeuliza.

Septemba joto likianza, kuwa macho. Majirani hutia mbolea kwenye nyasi zao, kisha mvua huisomba. Ukiona maji yanageuka rangi, usishtuke, na usikimbilie duka. Toa uchafu, acha pampu iende, subiri. Maji hupona yenyewe ukiyapa nafasi. Kuharakisha ndiko kunakoharibu.

Kata matete sasa.

Mjomba wako


Quakers Hill
14 Septemba 2025

Kwa Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kofia. Huku joto limekuja mapema. Kazini wameniongezea meza ya pili, yaani kazi ya mtu aliyeacha, na bosi amesimama nyuma yangu mara nyingi zaidi, lakini naona ni kwa sababu sasa nina viti viwili.

Maji hayajambo. Yana rangi kidogo. Pengine rangi ni neno kubwa mno, tuseme yana fikra ya rangi. Matete nimeyakata na kuyapeleka mbali. Viluwiluwi ni wengi, wanakimbia pamoja nikipitisha kivuli.

Maxwell alipiga simu kuuliza hali. Nimemwambia ni nzuri. Kila kitu ni kizuri. Usiwe na wasiwasi hata kidogo kuhusu Desemba.

Mpwa wako,
Mugambi


Quakers Hill
28 Septemba 2025

Kwa Mjomba,

Sikungoja jibu kwa sababu nina habari njema. Maji yameangaza. Jana jioni yalikuwa na ile rangi niliyokutajia, na leo asubuhi naona hadi skrubu za kifuniko cha bomba la chini. Ungeyaona ungefurahi. Yanang'aa kama kioo cha dirisha.

Vipimo sijachukua wiki hii kwa ajili ya kazi. Lakini macho yanatosha.

Na usiku nililala vizuri. Kumetulia kabisa.

Salamu kwa Nyanya na kwa mbuzi.

Mugambi


Ol Kalou
19 Oktoba 2025

Mpwa wangu Mugambi,

Barua hii naituma kwa njia ya haraka, kwa hiyo usihesabu wiki. Sisi ni wazima. Sasa nisikilize.

Maji ya bwawa lile hayaangazi kwa usiku mmoja. Huchukua mwezi, na siku unayoona yameangaza huwezi kusema yalianza lini. Halafu unasema kumetulia. Oktoba ilikuwa inakaribia, joto limepanda, na wewe umelala vizuri. Vyura wako wapi?

Umetia shabu.

Nilimsomea Nyanya yako. Alikuwa anamenya viazi. Akauliza, "Ametia kipande kikubwa namna gani?" Nikamwambia hakuandika. Akasema, "Mimi nilimfundisha kusafisha mtungi. Nani alimwambia aende kusafisha ziwa?" Kisha akaniambia, "Usimgombeze. Alikumbuka mkono wangu." Basi sikugombezi. Nakueleza.

Shabu inakusanya uchafu wote na kuushusha chini, ndiyo maana mtungi wa Nyanya hung'aa. Lakini inakula ualkali wa maji, na ualkali ukiisha, pH huanguka kama mtu aliyeondolewa kiti. Wapo mafundi wanaoitumia mabwawani, kwa kipimo, ndani ya maji yenye ualkali wa kutosha. Wewe uliitupa tu. Viluwiluwi hawawezi kuishi humo, na ule ute wa kwenye kokoto pia hauwezi. Unachokiona ni maji safi kweli. Safi kwa sababu hakuna mtu ndani.

Fanya hivi. Vuta matope yaliyolala chini kwa ule mpira mrefu, na usiyapitishe kwenye kokoto, yamwage nje. Punguza maji, ongeza ya bomba ukiyaacha kwanza yakae ndani ya yale mapipa ili klorini ya mjini itoke. Rudisha ualkali kwa soda, taratibu. Kisha kokoto zenyewe: zikifa hazirudi zenyewe upesi, zinahitaji mbegu. Kuna mama Mkongo anaitwa Emérance, anakaa Ingleburn. Mwaka juzi alichukua hapo kwetu kokoto na matete. Kama bado anazo, mwombe ndoo moja. Zikae na maji njiani, na usifunike.

Mwaka wa kwanza wa bwawa hilo mimi mwenyewe nilisimama pale ukingoni na kipande cha shabu mkononi. Anti yako Jerusha alikuwa anatoka ndani na kikapu cha nguo. Alikitupa kikapu chini, akaja, akaifungua ngumi yangu kidole kimoja kimoja. Akasema, "Baba, hayo maji hayaendi mtungini. Hayo ni ya kukaa."

Mjomba wako,
Kinuthia


Quakers Hill
2 Novemba 2025

Kwa Mjomba,

Shikamoo, na Nyanya mwambie shikamoo mara mbili. Sitasema kwamba kila kitu ni kizuri. Mama yuko salama na mimi ni mzima. Hizo mbili ni kweli.

Uliandika jina lake. Niliisoma barua nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, na nilipofika hapo nikaketi chini pale pale barazani. Tangu mwezi wa tano nimekuwa nikiangalia kama utaliandika.

Ni kweli nilitia shabu. Maji yalikuwa ya kijani, Mjomba, si fikra ya rangi. Nisingeweza kuona mkono wangu ndani yake. Nawe ulikuwa umeandika kwamba yakifa Maxwell alete mchanga, na mimi nikaona ni mimi nitakayekufanya usirudi tena. Nilikumbuka Nyanya anavyozungusha shabu mtungini nikiwa mdogo. Nikaipata kwenye duka la Wahindi, nikaivunja kwa nyundo, nikatia yote. Asubuhi yalipong'aa nilicheka peke yangu. Jumatano nikaanza kuokota viluwiluwi kwa chujio la chai. Sikuweza kuandika hilo.

Na kuna lingine. Jirani mzee wa kushoto alisema pampu inavuma usiku. Hakusema niizime, alisema tu inavuma. Nikamwomba radhi na nikawa naizima kila jioni nikienda kulala, tangu Agosti. Sasa naelewa kwamba nilikuwa naunyima ute hewa kila usiku, na ndiyo maana mwani ulipata nafasi. Juzi nilikwenda kwake kumwambia kwamba pampu itakuwa ikiendelea. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno njiani, ingawa njia yenyewe ni hatua chache. Akasema, "Pampu? Mimi nilidhani imeharibika, nikakuonea huruma." Anapenda sauti yake. Humletea usingizi.

Nilikwenda Ingleburn Jumamosi. Mama Emérance ni mrefu na anavaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Nilijieleza kwa muda mrefu mlangoni, mpaka akanikata.

"Sasa uko naomba mawe, ao uko naomba visa?"

Nikasema mawe.

"Basi ingia. Unatetemeka kama uko mu bureau ya serikali."

Nyuma ya nyumba ana bafu la zamani la chuma, limejaa maji, kokoto na matete marefu kunizidi. Aliniambia walifanya kazi pamoja na Anti kwenye nyumba ya wazee, zamu ya asubuhi. "Jerusha alinipatiaka hii mawe mu sahani ya plastiki. Akasema, Emérance, hii iko na uzima, usiioshe na sabuni. Sijaioshaka. Binti yangu Bénie anasema inanuka. Nikamwambia, wewe pia ulinukaka, na sikukutupa."

Alizama mikono hadi viwiko akatoa kokoto mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Ndoo ilipojaa akaifuta ukingo kwa kanga yake. Kisha akauliza, "Kinuthia anarudia lini?" Nikasema sijui. Akasema, "Mwambie miye nilikuja ku matanga na sikumuona, alikuwa amezungukwa. Mwambie mawe ya bibi yake iko salama, na akuje kuchukua ingine yeye mwenyewe."

Nilipanda treni na ndoo katikati ya magoti. Kila tukikata kona maji yalimwagika kwenye viatu vyangu vya kazi. Mwanamume mmoja aliniuliza kama ni samaki. Nikasema ni mawe. Akahama kiti. Kwa mara ya kwanza sikuona haya, Mjomba, sijui kwa nini. Nilikuwa nawaza tu yasikauke.

Nimeyatandaza juu ya zile za zamani, karibu na mdomo wa bomba ambako hewa ni nyingi. pH imerudi juu ya saba. Ualkali unapanda. Maji si ya kioo tena, yamekuwa na weupe wa ukungu, na kuta zina utando mwembamba wa kijani ambao nausugua na haunitishi sana. Sijui kama yatakuwa hai Desemba. Nakuandikia jinsi yalivyo.

Maxwell anataka kuja na mtu wa lori kuangalia kama litapita langoni. Nimemwambia asubiri. Nilimwambia kwa simu, mimi mwenyewe.

Mjomba, unarudi? Swali hili ni langu na nataka lihesabiwe kwamba limeandikwa.

Mpwa wako,
Mugambi


Ol Kalou
14 Novemba 2025

Mpwa wangu, mwanangu,

Nyanya yako anakusalimu na amekuwekea soksi za sufu kwenye sanduku langu, ingawa nimemweleza kwamba huko sasa ni joto. Kwa hilo umepata nusu ya jibu lako.

Nusu nyingine ni hii, nami nimechelewa kuiandika kwa sababu nilikuwa sijaijua. Kila asubuhi Jerusha aliingia majini kabla ya zamu. Mimi nilibaki jikoni na uji. Nilikuwa siangalii saa. Nilisikiliza. Anapogusa ukuta wa mwisho na kugeuka kuna sauti, na nikisikia anapanda ngazi, ndipo naupakua. Miaka kumi na tatu uji haukuwahi kumkuta umepoa. Mtu akifiwa hupewa pole kwa mambo makubwa. Hakuna aliyenipa pole kwa sauti ile.

Niliogopa kurudi nikayakuta maji yale yale aliyoyaacha, yako tayari, na hakuna anayeingia. Niliogopa vile vile kuyakuta yameharibika. Ukishindwa kuchagua kati ya hofu mbili, mchanga unaonekana jambo la busara. Ndiyo sababu nilimwandikia Maxwell, na ndiyo sababu sikukwambia.

Sasa unaniambia kwamba maji yale uliyaua. Sikiliza ajabu: niliposoma, nilipumua. Maji aliyoyaacha hayapo tena. Haya ni mengine, uliyoyafanya wewe kwa soda ya keki, juu ya mawe yake aliyompa Emérance kwa sahani. Haya naweza kuyakabili, hata yakiwa na ukungu. Desemba nilisema yawe hai. Sikusema yawe mazuri.

Nimemwandikia Maxwell kwamba hapana. Akija, mpe chai.

Nafika Jumamosi tarehe sita Desemba, mapema. Najua mwisho wa mwaka bandari hailali na utakuwa zamuni, kwa hiyo usiombe ruhusa, na usije uwanja wa ndege. Nataka kufungua lango mwenyewe. Ila nina ombi moja, na ukikataa sitauliza sababu. Tangu aondoke hakuna aliyeingia katika maji hayo. Sitaki kuwa wa kwanza. Ingia wewe kabla sijafika.

Mjomba wako,
Kinuthia


Quakers Hill
6 Desemba 2025, asubuhi

Kwa Mjomba,

Karibu nyumbani. Hii siitii posta, naiacha juu ya meza ya jikoni chini ya bakuli, utakapoiona. Nimekuachia maziwa, mkate na ndizi. Shuka ni safi. Mama anasema umpigie leo, na kwamba simu haijui kukaa kwenye mkebe wa chai milele.

Nilipopata ombi lako nilikaa nalo wiki nzima. Kuna jambo sikukuambia katika barua zote hizi, hata ile niliyodhani nimekuambia yote. Sijui kuogelea. Nimeishi kando ya bwawa hili tangu nikiwa mwanafunzi na sijawahi kuweka hata mguu. Anti alikuwa anajua. Aliwahi kuniambia, "Ukiwa tayari uniite, nitashika mgongo wako." Sikumwita. Nilikuwa naona aibu.

Jana nilitoka kazini mapema. Nilimwambia bosi nina shughuli ya familia, naye akasema, "Nenda, wewe huombi kitu kamwe." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonena akiwa nyuma ya kiti changu.

Nilivaa kaptura. Nilishuka ngazi nikishika chuma kwa mikono yote miwili. Maji ni baridi kuliko yanavyoonekana, na ni laini, hayachomi macho wala hayana harufu ya dawa, yana harufu ya mvua. Maji yaliponifika kifuani miguu ikagusa chini. Nikasimama. Moyo ulikuwa unapiga kiasi kwamba niliona viduara majini mbele ya kifua changu. Nilijiambia nitahesabu hadi kumi nitoke, nikasahau kuhesabu.

Kisha niliachia mkono mmoja. Baadaye na wa pili. Sikuogelea, Mjomba, nisikudanganye tena. Nilitembea tu, polepole, hadi ukuta wa mwisho, nikaugusa, nikageuka nikarudi. Sijui kama ulitoa ile sauti. Nilikuwa napumua kwa nguvu mno.

Vipimo vya asubuhi hii: pH iko pazuri, ualkali uko pazuri. Ukungu umebaki kidogo huko chini, unaonekana jua likipanda. Kwenye kokoto za Mama Emérance kuna ute. Nimeugusa mwenyewe. Umeanza kutambaa hadi kwenye zile za zamani.

Mimi nitarudi jioni. Maji yako tayari, na yameshaingiwa. Usinisubiri.

Mpwa wako,
Mugambi